Mwanamke wa Panga Mbili

Desemba 1909, kampuni ya William Rider & Son ya London ilitoa pakiti ya karata 78 za taroti, iliyokuja kuenea duniani kuliko pakiti nyingine nyingi za aina yake. Mna karata moja humo inayoitwa Panga Mbili. Mwanamke ameketi kwenye kiti cha jiwe, kavaa kanzu nyeupe, kafungwa kitambaa machoni. Amepishanisha mikono kifuani, na kila mkono umeshika upanga mrefu uliosimama hadi kukipita kichwa chake. Nyuma yake bahari imetulia, miamba imejitokeza majini, na angani iko hilali.

Waulize wanaopiga ramli kwa karata hizi maana yake ni nini, na wengi watakwambia kwamba ni karata ya kusitasita. Mtu ana mambo mawili mbele yake, hachagui hili wala lile, na macho kayafunga asione.

Jibu hilo lina umri mdogo. Arthur Edward Waite, aliyeisimamia pakiti ile na kuiandikia kitabu cha maana, hakuweka kusitasita miongoni mwa maana za Panga Mbili. Alitaja ulinganifu, ushujaa, urafiki, mapatano ya watu ambao bado wameshika silaha, na mapenzi pia. Karata ikitoka kichwa chini, kwake ilikuwa uongo, hila na usaliti. Ilikuwaje basi karata ya urafiki ikageuka kuwa karata ya mtu aliyekwama? Kisa hiki kina zaidi ya miaka mia sita, na ndani yake yumo mchoraji mmoja ambaye hakutendewa haki.

Kinaanzia katika nchi za Kiislamu. Jumba la Topkapı mjini Istanbul limehifadhi pakiti ya karata za Wamamluki wa Misri, zilizochorwa kwa mkono, zenye nakshi za dhahabu na maandishi ya Kiarabu. Mafungu yake ni manne: dinari, vikombe, magongo ya polo na panga. Hazina sura za watu. Wakubwa wa kila fungu ni mfalme, naibu wake na naibu wa pili, na vyeo vyao vimeandikwa tu. Panga zake zimepinda, kama zilivyokuwa panga za wapanda farasi wa zama hizo. Karata za namna hii zilivuka Bahari ya Kati katika karne ya 14, na mwaka 1377 mji wa Florence ulikuwa tayari unatunga amri dhidi ya mchezo mpya ulioitwa naibbe, jina lililotokana na naibu yuleyule. Waitaliano walizichukua panga zilivyo. Magongo ya polo, mchezo wasioujua, yakageuka kuwa fimbo.

Fungu hilo la panga lilifika hata kwetu kwa njia ya Wareno. Mcheza karata wa pwani anapotupa shupaza mkekani, anataja panga zilezile kwa jina la Kireno.

Taroti yenyewe ilizaliwa Italia ya kaskazini kabla ya katikati ya karne ya 15. Karata 56 za mafungu manne ziliongezewa 22 za picha, kama vile Gurudumu la Bahati, Kifo na Jua, ambazo kazi yake ilikuwa kuzipiku nyingine. Ulikuwa mchezo, na mchezo wa watu wenye nafasi. Koo za Visconti na Sforza, watawala wa Milan, walichorewa pakiti za dhahabu ambazo karata zake zinahifadhiwa leo New York na Bergamo. Kwa muda wa karne tatu kazi kubwa ya taroti ilikuwa kuchezwa, si kuaguliwa. Katika pakiti za Kifaransa za karne ya 18, zinazojulikana kwa jina la mji wa Marseille, Panga Mbili haina mtu hata mmoja. Panga mbili zilizopinda zimekutana juu na chini zikafanya umbo la yai, na katikati limewekwa ua. Mpindo ule ni urithi wa Wamamluki. Mchezaji alihesabu panga, akajua ni mbili, akaitupa karata. Hapakuwa na zaidi.

Maana zilianza kumiminwa ndani ya karata hizi mjini Paris. Mwaka 1781 msomi aitwaye Antoine Court de Gébelin alitangaza kwamba taroti ni kitabu cha makuhani wa Misri ya kale kilichonusurika kwa kujificha ndani ya mchezo. Hakuwa na ushahidi wowote. Hieroglifu hazikuwa zimesomwa bado. Champollion alizifumbua mwaka 1822. Lakini dai lake lilikuwa tamu, na watu walilipokea. Baada yake akaja Jean-Baptiste Alliette, aliyeligeuza jina lake nyuma-mbele akajiita Etteilla. Huyu alifanya kazi ya kuagua kwa karata, na alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu juu ya uaguzi mwaka 1770. Alipoigeukia taroti aliipa kila karata maana mbili, moja ikisimama sawasawa na nyingine ikipinduka. Panga Mbili aliipa urafiki. Ikipinduka, ikawa ulaghai.

Kwa nini urafiki? Etteilla alikuwa anajaza orodha, na orodha za namna hiyo hazina haja ya sababu. Lakini maneno yale mawili yalidumu. Zaidi ya miaka mia moja baadaye Waite aliyachukua na kuyapanga ndani ya kitabu chake pamoja na mengine, kama fundi anayetumia matofali ya nyumba iliyobomoka. Ndiyo maana ukisoma maana zake kisha ukaitazama picha, unahisi kwamba maneno na picha vimetoka nyumba mbili tofauti.

Kati ya Etteilla na Waite kulipita chama kimoja cha siri. Mwaka 1888 Waingereza watatu, wakiongozwa na daktari William Wynn Westcott na Samuel Liddell Mathers, walianzisha mjini London chama kiitwacho Golden Dawn. Wanachama walisoma falaki, kabala na mambo ya kale, na mshairi W. B. Yeats alikuwa mmoja wao. Chama kiliifunga kila karata ndogo ya namba, kuanzia mbili hadi kumi, na sehemu ya buruji. Panga Mbili iliangukia Mwezi ndani ya buruji ya Mizani, ikaitwa kwa cheo kizito cha Bwana wa Amani Iliyorejeshwa. Picha waliyoieleza ilikuwa na mikono miwili yenye nuru iliyoshika panga mbili zilizopishana, na waridi likichanua pale zinapokutana. Amani ya namna hiyo ina hofu ndani yake. Pande mbili zimeacha kupigana, lakini hakuna aliyerudisha upanga alani. Hata hivyo ilikuwa amani. Kwa wanachama wale, Mizani ilikuwa ishara ya vitu viwili kulingana, wala hakuna aliyeona kwamba kulingana ni kukwama.

Waite, aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1857 na kulelewa Uingereza, aliingia chama hicho. Pamela Colman Smith aliingia mwaka 1901, na hapo kisa chetu kinapata mtu wa kumpenda.

Pamela alizaliwa London mwaka 1878 kwa wazazi Wamarekani. Utotoni aliishi Manchester, kisha kazi ya baba yake ikaipeleka familia Jamaica. Alipokuwa na umri wa miaka 15 alikwenda Brooklyn kusoma sanaa katika Taasisi ya Pratt, akaondoka bila shahada. Mama yake alifariki mwaka 1896, baba yake mwaka 1899, na binti akabaki na kalamu yake. Mwaka huohuo wa 1899 alichapisha hadithi za Annancy alizozisikia Jamaica, yule buibui mjanja ambaye Waafrika waliotekwa Afrika Magharibi walivuka naye bahari hadi visiwa vile. Alizichora na alizisimulia mwenyewe kwa lahaja ya Jamaica mbele ya hadhira za London. Msomaji aliyelelewa na hadithi za Sungura hana haja ya kuelezwa thamani ya msimulizi kama huyo.

Aliishi pia na watu wa tamthilia. Alisafiri na kundi la Lyceum Theatre la mwigizaji Henry Irving, akashona na kuchora mavazi, akafanywa kama mtoto wa nyumbani na mwigizaji Ellen Terry. Kundi lile lilimfundisha jambo ambalo shule ya sanaa haikumfundisha, yaani jinsi mwili uliokaa kimya jukwaani unavyoweza kusema. Itazame Panga Mbili tena. Kiti cha jiwe kimewekwa mbele kabisa, sakafu ni tambarare, na bahari iko nyuma kama pazia lililochorwa. Mwanamke yule yuko jukwaani, nasi ndio hadhira.

Januari 1907 mpigapicha Alfred Stieglitz alionyesha kazi za Pamela katika ukumbi wake wa New York. Kabla ya hapo ukumbi ule ulikuwa wa picha za kamera tu. Miaka miwili baadaye Waite alimtafuta. Pamela alifanya kazi ile katika mwaka huo mmoja wa 1909, na Novemba alimwandikia Stieglitz kwamba amemaliza kazi kubwa kwa malipo madogo sana. Alilipwa mara moja. Hakuwekewa fungu la mauzo, wala wakati huo hakuna aliyeona ajabu.

Mambo aliyoyafanya katika karata zile ndogo yalikuwa na mfano mmoja tu mkubwa. Mwishoni mwa karne ya 15, kule Italia, ilichongwa pakiti iitwayo Sola Busca, ambayo karata zake zote 78 zina picha za watu. Picha za kamera za pakiti hiyo zilifika British Museum mwaka 1907, miaka miwili kabla Pamela hajaanza kazi, na baadhi ya karata zake, hasa Panga Tatu yenye moyo uliochomwa, zinaonyesha wazi kwamba alizitazama. Isipokuwa Sola Busca, karata ndogo za taroti zilikuwa panga, vikombe, fimbo na sarafu za kuhesabu. Pamela aliweka mtu karibu katika kila moja, na mtu huyo akawa na jambo linalompata.

Waite alichangia kiasi gani? Katika kumbukumbu zake za mwaka 1938 alisema kwamba ilimbidi amwelekeze mchoraji wake kwa uangalifu mkubwa juu ya karata za Kuhani wa Kike, Mpumbavu na Mtu Aliyetundikwa. Zote tatu ni za lile fungu la 22. Panga Mbili haimo. Naamini, kama wanavyoamini wanahistoria wengi wa taroti, kwamba katika karata ndogo Pamela aliachwa afanye atakavyo, akiwa na majina ya Golden Dawn mkononi na mwongozo mchache.

Tufikirie basi alichokabidhiwa: Mwezi ndani ya Mizani, amani iliyorejeshwa, panga mbili zilizopishana. Mwezi akauweka angani. Maji, yanayotawaliwa na mwezi, akayaweka nyuma. Upishano wa panga akaugeuza kuwa mikono ya mwanadamu iliyopishana kifuani, na mizani ikawa mwili wenyewe, umelingana kushoto na kulia. Hadi hapo ametii kila neno. Kisha akaongeza kitambaa cha machoni. Katika Golden Dawn kila anayeingizwa chamani alifungwa macho na kuzungushiwa kamba kiunoni kabla ya kuonyeshwa nuru. Pamela alikuwa ameipitia ibada hiyo. Inawezekana kabisa kwamba kwake kitambaa kilikuwa alama ya mtu anayesubiri kufunuliwa jambo, aliyetulia kwa sababu muda wake haujafika.

Lakini kitambaa kile ndicho kilichoiteka karata. Mtu asiyejua Mizani wala Golden Dawn akiitazama picha, haoni amani. Anaona binadamu asiyeona, ambaye mikono yake ina kazi, ambaye akijisogeza upande wowote ulinganifu utavunjika. Waite aliandika urafiki, Pamela akachora mtu aliyenaswa. Vyote vikauzwa pamoja, na kwa muda mrefu hakuna aliyelalamika, pengine kwa sababu wanunuzi walikuwa wachache na wengi wao walisoma kitabu kwanza.

Ushahidi kwamba ni picha iliyobadilisha maana, wala si falaki wala idadi ya panga, uko katika pakiti nyingine. Kati ya mwaka 1938 na 1943 Lady Frieda Harris alimchorea Aleister Crowley, mwanachama mwingine wa zamani wa Golden Dawn, pakiti ya taroti waliyoiita Thoth. Chimbuko la Panga Mbili yao ni lilelile: Mwezi, Mizani, panga zilizopishana, waridi. Harris hakuweka mtu. Karata yao imeandikwa Amani, na hadi leo wanaotumia Thoth wanaisoma kuwa amani. Mbegu moja ilipandwa katika mashamba mawili. Palipokuwa na mwanamke aliyefungwa macho, amani ilikufa na kusitasita kukaota.

Mabadiliko yalikomaa Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 20. Eden Gray, aliyekuwa mwigizaji kabla ya kufungua duka la vitabu New York, alichapisha mwaka 1960 kitabu chepesi cha taroti, na vingine vikafuata. Katika miaka ya 1970 kampuni ya U.S. Games Systems ya Stuart Kaplan ikaanza kuisambaza pakiti ya Waite na Pamela kwa wingi. Vijana wa miaka ile hawakuapishwa katika chama chochote. Hawakuwa na orodha za Etteilla. Walikuwa na karata mkononi, wakaitazama, wakasema walichokiona. Katika vitabu vya kizazi hicho, Panga Mbili inazungumza juu ya mkwamo, juu ya pande mbili zenye nguvu sawa, na juu ya mtu anayekataa kuamua. Maneno ya Waite yalibaki pembeni, kisha yakafifia.

Siandiki haya kumshawishi mtu apige ramli. Ninachokitetea ni kwamba wasomaji wale walisoma vizuri. Picha ile inajua kusitasita kuliko vitabu vingi. Sisi tuna fisi aliyeshindwa na njia mbili, lakini fisi wetu alikuwa na macho, na tamaa ndiyo iliyompasua. Alizitaka njia zote mbili. Mwanamke wa Pamela hataki yoyote. Kaketi. Silaha zimeelekea juu, mikono imepishana mbele ya moyo, kwa hiyo vyote vinamlinda na wote wanaomkaribia, awe adui au rafiki. Hiyo ni aina nyingine ya kutoamua, ya mtu aliyekwisha kuumizwa, anayeona kwamba usalama wake uko katika kutotikisika.

Tena kuna jambo ambalo huonekana ukiiweka karata hii kando ya Panga Nane, iliyochorwa na mkono uleule. Katika Panga Nane pia yuko mwanamke aliyefungwa macho, lakini huyo amezungushiwa vitambaa mwilini hadi mikono haifanyi kazi, na panga zimechomekwa ardhini kumzunguka. Huyo kafungwa na wengine. Mwanamke wa Panga Mbili hana kamba. Vidole vyake ni huru, na kitambaa kile angeweza kukivuta wakati wowote. Kinachomzuia ni kwamba ili afike machoni lazima aweke chini upanga mmoja, na akiuweka tu, ameshachagua. Sioni kwamba Waite aliwahi kuandika sentensi yenye akili kama mchoro huo.

Waite alifariki mwaka 1942, akiwa ameandika vitabu vingi. Pamela alikuwa amejiunga na Kanisa Katoliki mwaka 1911, kisha akahamia Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, baada ya kupata urithi mdogo. Kazi za kuchora zilipungua. Alifariki mjini Bude tarehe 18 Septemba 1951, na vitu vyake viliuzwa kulipa madeni. Kaburi lake halina alama. Kwa miongo mingi pakiti ile iliitwa Rider-Waite, jina la mchapishaji na jina la mwandishi, na yeye alionekana tu katika saini ndogo aliyoificha pembeni ya kila karata, herufi tatu zilizosokotwa kama nyoka. Hivi karibuni wanahistoria na wachapishaji wengine wameanza kuongeza jina la Smith mwishoni. Ni afadhali kuliko kimya, lakini mpangilio bado si wa haki. Rider alichapisha, Waite akaandika maana ambazo wasomaji waliziacha, na Pamela Colman Smith akachora maana waliyoishika. Jina lake linastahili kutangulia.